Bastola ya Papa Grâce Haijanyweshwa

Pale Albert Park, mjini Durban, mbele ya saluni ya Inès, pana benchi moja refu ambalo zamani lilikuwa la kanisa. Kanisa lilihamia Overport, pasteri akachukua ngoma na vipaza sauti, benchi likakataa kuingia kwenye bakkie, ile pikapu yao, basi likabaki. Watu wanaliita Tribunal, maana anayekaa pale hainuki bila kuhukumiwa. Kila Jumamosi asubuhi Inès anatoa termosi ya kahawa yenye tangawizi, kahawa ya kwao Bukavu, na kesi zinaanza. Jumamosi hii mshitakiwa alikuwa Ruphin, baba yake Grâce, na kosa lake lilikuwa moja tu: amenunua bastola, wiki nzima imepita, na hajainywesha.

Msicheke. Kwa Wakongomani kitu kipya hakiingii nyumbani kikavu. Iwe gari, iwe frigo, iwe godoro, unaita marafiki, mnakunywa, mnakitakia heri, hapo ndipo kinakuwa chako. Wenyewe wanasema kuarrose. Usipofanya hivyo kitu kinaleta mkosi, na kibaya zaidi, watu wanakununia.

Ruphin anapanga malori kwenye depo moja kule Clairwood, mtu mpole, karatasi zake za ukaaji wa kudumu zilishatoka zamani. Hakuwa mtu wa silaha. Lakini mwezi wa sita wezi walivunja mlango wake saa za mchana, mkewe Élisabeth na binti yake Grâce wakiwa ndani. Hawakuguswa, namshukuru Mungu. Walichukua televisheni na simu, wakashuka ngazi bila haraka. Tangu siku hiyo Ruphin, simu ikilia kazini, moyo unampasuka. Akaenda kujifunza kulenga, akafanya mtihani, akafungisha kasha la chuma ukutani, akasubiri polisi weee, mpaka kibali kikatoka. Dukani, zile bastola zenye majina makubwa zilimshinda mfuko. Akachukua moja ambayo hata muuzaji alilisoma jina lake mara mbili. Sasa alikuwa anataka kitu kimoja kutoka kwenye Tribunal, ingawa asingekisema kwa mdomo: wamwambie hakukosea, kwamba wale wawili kule juu, floor ya nne ya jengo hilohilo la saluni, sasa wako salama.

— Mutuhumiwa asimame, alianza Léonard. Huyu wanamwita Commandant, japo maisha yake yote Uvira aliuza dawa za minyoo.

— Nitajibu nikiwa nimekaa.

— Akae. Jina la bastola?

Ruphin alilitaja. Lilikuwa na z nyingi. Njoroge, Mkenya anayesomea udaktari wa falsafa na ambaye kila mtu anamwita Prof, akaomba alirudie. Akalirudia. Commandant akajaribu kuliandika hewani kwa kidole, akakata tamaa katikati.

— Tuiite tu Inconnue, alisema Inès. Alikuwa amekaa mlangoni anamsuka mteja mgeni, dada mmoja Mtanzania aitwaye Coletha, aliyehamia jengo lile juzijuzi na ambaye tangu akae hajasema neno zaidi ya shikamooni.

— Inconnue, alikubali Commandant. Asiyejulikana. Alors, Papa Grâce, tuambie tabia zake.

Ruphin akafurahi. Bastola yenyewe ilikuwa kwenye kasha, kama sheria inavyotaka, basi akaazima mashine ya Inès ya kukaushia nywele, akaishika kwa mikono miwili, miguu kaipanua kama alivyofundishwa. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mkate akavuka barabara.

— Iko mwepesi sana, alisema. Mwili ni plastiki, lakini ile plastiki ngumu. Bomba ni chuma. Unaibeba kiunoni siku nzima, unasahau kama uko nayo.

— Hiyo si sifa bana, alisema Prof. Mtu akisahau mwavuli kwa taxi ni sawa. Wewe utasahau hiyo?

— Sijasema nitaisahau. Nasema haichoshi. Na triga yake, ukivuta, inaanza polepole kama iko na usingizi. Halafu inafika mahali inagoma kidogo. Halafu tak.

— Na nyundo? aliuliza Commandant. Ile ya nyuma, ya kurudisha na kidole.

— Haina nyundo. Iko na pini ndani, inasukumwa na springi.

Commandant akaweka kikombe chini. Akamwangalia kila mmoja kwa zamu, mpaka Coletha.

— Haina nyundo, alirudia. Ndugu zangu, bunduki bila nyundo itagonga na nini? Wahenga walisema, asiye na mwana aeleke jiwe.

— Hiyo methali inaingia wapi hapo? aliuliza Prof.

— Inaingia. Wewe tafakari.

Prof akatafakari kidogo, akaacha. Yeye alikuwa na hoja zake, tena za kisayansi. Kwanza, plastiki na joto la Durban la mwezi wa pili haviivani. Pale chuo, alisema, kuna viti vya plastiki ngumu hivyohivyo, na yeye mwenyewe alianguka navyo mbele ya profesa wake wa kweli. Pili, alikuwa amesoma kwenye mtandao maoni ya watu wenye Inconnue.

— Wako wangapi? aliuliza Ruphin, sikio limesimama.

— Ni mmoja. Lakini aliandika sana.

— Anasemaje?

— Nusu ya kwanza anaisifu. Nusu ya pili anauliza kama kuna mtu anajua mahali pa kupata springi.

Inès akacheka mpaka kitana kikamtoka mkononi. Ruphin alicheka pia, ila cheko lake lilichelewa kidogo. Yule mtu wa mtandaoni alimuuma.

— Ilikwama mara moja, alikiri. Pale kwa mazoezi. Risasi ikabaki imesimama wima kwa mlango kama mtu anangojea lift. Mwalimu akasema kosa ni mkono wangu, nilikuwa nalegeza kiwiko.

— Voilà, alisema Commandant. Bastola inachagua mkono. Hii ni ya kike, inataka bembelezo.

— We Commandant, alisema Inès.

— Nasema kama mtaalamu. Na kiwanda chake, kabla ya bastola kilikuwa kinatengeneza nini?

Hapa Ruphin angenyamaza angeokoka. Lakini ni mkweli, na ukweli ulimponza.

— Kijitabu chake kinasema walianza na cherehani.

Tribunal ilivunjika. Prof alipaliwa na kahawa, ikabidi apigwe mgongo. Commandant akasimama kabisa, akanyoosha mikono kwa umati, umati wenyewe ukiwa Inès, Coletha na njiwa.

— Cherehani. Basi mwizi akiingia hatakufa. Atashonwa.

— Atatoka na suti, alisema Inès.

— Mashati mawili na suti, alisema Prof, machozi yanamtoka. Na Mama Grâce atampima kiuno.

Ruphin akarudisha mashine ya nywele mahali pake, taratibu. Uso wake ulikuwa unacheka, lakini moyoni alianza kunyong'onyea. Alimwona Élisabeth vile alivyomkuta siku ile ya mwezi wa sita, amekaa chini nyuma ya mlango uliovunjika, Grâce kamshika shingo, wote wawili hawalii. Na yeye, badala ya kuwaletea dawa ya hofu ile, kawaletea cherehani.

Inès ndiye aliyeona. Wanawake wa saluni wanaona nyuso kuliko mapadri.

— Papa Grâce, usiwasikilize, alisema. Mi naona ulinunua vizuri. Ungenunua ile ya jina kubwa, mwizi anaitamani, anajua ataiuza kesho yake. Hii yako nani ataiuliza? Hata mwizi atalisoma jina mara mbili.

— Na debe tupu haliachi kuvuma, alidakia Commandant, ambaye naye si mtu wa roho mbaya. Hii haivumi. Donc, imejaa.

Methali ya pili nayo haikuwa mahali pake, lakini ilimfika Ruphin vizuri. Akamiminiwa kikombe. Bega likashuka. Prof akasema, kwa kuwa ni msomi hawezi kukaa nje ya makubaliano, kwamba huenda viwanda visivyojulikana ndivyo vinavyouzia majeshi ya siri, na majeshi ya siri hayaandiki maoni mtandaoni. Ndiyo maana iko maoni moja. Commandant akaongeza kwamba yeye binafsi, kule Uvira, aliwahi kuiona bastola hiihii kwa jenerali mmoja, na ilikuwa na z hizohizo.

— Basi hukumu, alisema. Papa Grâce hana hatia kwa kununua. Ana hatia kwa ukavu. Uliarrose mtihani, tulikunywa. Kasha lilipokuja tulilibeba sisi wenyewe mpaka floor ya nne, tunaimba, ukatupatia brochettes, ile mishikaki, ngazi nzima ikala. Mama Grâce akatoa ushuhuda kanisani, pasteri akaombea. Sasa yeye mwenyewe Inconnue amefika, unamwingiza kimyakimya kama mjane?

— Jumamosi ijayo, alisema Ruphin, na sasa alikuwa anacheka kweli. Tutachoma kuku pale chini. Kila mtu aje.

— Sharp, alisema Prof.

Hapo Coletha akageuza kichwa, nusu kimesukwa, nusu bado kimesimama.

— Samahanini, kaka zangu. Mimi mgeni, naomba kuuliza tu.

— Uliza, dada, alisema Commandant. Tribunal ni ya wote.

— Wale wezi wa hapa, nasikia wakijua nyumba ina bastola, wanaifuata hiyohiyo bastola. Ni kweli?

— Kweli kabisa, alisema Prof. Ndiyo kitu wanatafuta siku hizi. Wanakuja wengi, na wanakuja wamejipanga.

— Mimi siku ya kwanza tu kuhamia, kabla sijafungua mabegi, niliambiwa floor ya nne kuna baba ana bastola. Coletha alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Sasa, nani hapa mtaani hajui?

Commandant alifungua mdomo. Alikuwa na jibu kwa kila kitu, tangu vita mpaka minyoo.

— Mwenye jengo, alisema.

— Alikula brochettes, alisema Inès.

— Yule mlinzi wa getini.

— Alishika kona moja ya kasha, alisema Ruphin polepole.

Prof alitaja duka la simu la pembeni, kisha akakumbuka ni yeye mwenyewe aliyewasimulia. Inès aliacha kusuka, mikono imebaki kichwani mwa Coletha.

Pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, taxi ilikuwa imesimama, nyekundu imewaka. Abiria mmoja wa kiume akatoa kichwa dirishani, akatabasamu vizuri kabisa, akapunga mkono.

— Papa Grâce, iko je? Ile pistolet imefika?

Ruphin alipunga mkono, kwa mazoea. Taa ikawa ya kijani, taxi ikaondoka.

— Ni nani yule? aliuliza Inès.

Commandant alimwangalia Prof. Prof alimwangalia Ruphin.

— Simjui, alisema Ruphin.

Alikuwa ameshasimama. Kule floor ya nne, Grâce alikuwa anaanika nguo kwenye balcony, mlango umeachwa wazi nyuma yake, na Ruphin akaogopa kuliko alivyoogopa mwezi wa sita. Akaingia ndani ya jengo bila kuaga, wakasikia viatu vyake vinapanda ngazi mbio.