Mraba Uliokatwa kwa Kalamu Nyekundu

Wasikilizaji wapendwa, leo mtanivumilia. Nimezoea kuwakumbuka marehemu kwa sauti ya upole, lakini kwa huyu wa leo siwezi. Nina hasira.

Tumempoteza Mama Asilimia. Ndivyo wanafunzi wake wa takwimu walivyomwita chuoni, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Mama Asilimia ndiye aliyeipata ile meli ya mizigo iliyozama na mabaharia wake wote. Narudia, maana hamkuwahi kuambiwa: ni yeye aliyeipata.

Binti yake ananisimulia huku akicheka na kufuta machozi: "Baba akipoteza miwani, anasema, 'Kwenye kochi nimeshaangalia.' Mama anamuuliza, 'Umeangalia vipi, mume wangu? Kwa macho au kwa mkono?' Baba ananuna. Mama anachomeka mkono kati ya mito, anatoa miwani."

Basi alipoitwa kusaidia msako wa meli, hesabu yake ya baharini ilikuwa hiyohiyo. Aliigawa ramani ya bahari kuwa miraba. Kila mraba akaupa asilimia zake, yaani uwezekano wa meli kuwa pale. Ukitafuta kwenye mraba usione kitu, unapunguza asilimia zake, na za miraba mingine zinapanda. Unapunguza tu, hufuti. Kutokuona si kutokuwepo.

Mkuu wa msako yeye alifuta. Kulikuwa na mraba mmoja wenye miamba na mabonde chini. Chombo chake kilipita hapo mara moja tu, bahari imechafuka, mtambo wa kupima kwa mwangwi ukiyumbishwa huku na huko. Hawakuona kitu. Mkuu akaukata ule mraba kwa kalamu nyekundu. Kwisha habari yake.

Mama Asilimia akamuuliza mbele ya wote: "Mzee, mmeangalia vipi?"

Akajibiwa: "Profesa, hapa hatuchezi bahati nasibu. Tukirudi pale, watu watasema tulikosea."

Mmesikia hayo? Aibu ya mtu mmoja ikawa nzito kuliko meli nzima!

Na meli isipopatikana, maneno hayakosekani. Tume ya uchunguzi, mwenyekiti wake akiwa yuleyule mkuu wa msako, ikatangaza kwamba nahodha alikuwa amelewa. Ushahidi? Hakuna. Marehemu hana wa kumjibia. Mke wa nahodha akawa hawezi kusimama kwenye foleni ya duka bila kunong'onwa. Mama mzazi wa nahodha akafa akisikia mwanawe anaitwa mlevi. Hilo nani atalilipa?

Mama Asilimia alibisha hodi kwenye ofisi ya mkuu huyo mpaka mlinzi akawa anamwekea kiti chake. Miaka ikapita. Mkuu akastaafu, kwa hotuba na makofi. Aliyemrithi akakubali kurudi kwenye ule mraba, polepole, bahari ikiwa shwari. Meli ilikuwa palepale, imelala bondeni. Ubavuni imepasuka, kwenye kiraka kilichochomelewa ovyo bandarini. Sikilizeni: nahodha hakuizamisha meli. Alipewa meli mbovu.

Tangazo likasifu "juhudi za kikosi". Mama Asilimia hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Na taarifa ya ulevi haikuguswa. Siku hiyo kalamu nyekundu haikuonekana.

Jana makaburini, mke wa nahodha aliniambia hivi: "Nilimwendea nikamuuliza, 'Dada, wewe unaamini mume wangu alilewa?' Akasema, 'Sijui, mdogo wangu. Tuitafute meli.' Nilikasirika, nikaondoka bila kuaga. Nilitaka aseme hapana. Nimekuja kuelewa baadaye. Wengine wote, eti, walikuwa wanajua. Yeye peke yake hakujua, na ndiye aliyetafuta."

Kwa mume wake, binti yake na wajukuu: poleni sana. Mzee, najua sasa miwani utaitafuta mwenyewe. Kwa familia za mabaharia, poleni tena, maana mliumizwa mara mbili.

Nasi wasikilizaji, kesho tukiletewa habari kwamba fulani ni mlevi, fulani ni mwizi, tumuulize mleta habari swali la Mama Asilimia: umeangalia vipi?

Nawe mkuu mstaafu, redio najua unayo. Kalamu pia unayo. Taarifa yako bado inamwita nahodha mlevi. Ikate.