Shanga Mia Mbili na Hamsini za Kaka Melkiadi

Baba Padre, wazee wetu, majirani, walimu na wanafunzi, ndugu mliokuja kwa miguu katika tope hili na nyie mliolala njiani, nasimama hapa kwa niaba ya familia, mimi Lucia Lyamba, mdogo wake marehemu wa mwisho, na wazee wameniagiza nisome maisha ya kaka yetu Melkiadi kwa sababu miezi yake ya mwisho nilikaa naye meza moja, kwa hiyo mtanivumilia nikisimama mahali pasipo na nukta.

Kaka Melkiadi alizaliwa Inyonga tarehe 9 Mei 1961, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu mzee Antoni Lyamba, mrina asali, na mama yetu Sesilia, ambaye mnamwona hapa mbele, na mama anasema mtoto huyu hakutulia tangu mwanzo, kwani alitembea akiwa na miezi tisa, na ukimweka chini kwenye mkeka ulimkuta mlangoni.

Alianza darasa la kwanza hapo Inyonga mwaka 1969 na kumaliza la saba mwaka 1975, lakini katikati, mwezi Agosti 1973, baba alirudi kutoka porini kwenye mizinga akiwa na homa, kisha akaanza kusinzia mchana, akasinzia hata na tonge mkononi, watu wakasema amekuwa mvivu, wengine wakasema mengine, mpaka jirani yetu mzee Celestin alipomfunga kwa kanga nyuma ya baiskeli yake na kumsukuma hadi zahanati, ndipo tukaambiwa ni malale, na baba akafariki tarehe 2 Oktoba mwaka huo. Tangu siku hiyo kaka hakuuamini usingizi, alimuuliza mama mdudu asiyeonekana kwa macho anapata wapi nguvu za kumlaza mwanamume anayepanda miti mirefu, na mama akampa kazi ya kuchota maji.

Alisoma sekondari Sumbawanga kuanzia 1976 hadi 1979, kidato cha tano na cha sita Tabora, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1984 na kuhitimu shahada ya kemia mwaka 1987, halafu akarudi Mpanda kufundisha sekondari, ambako wanafunzi walimwita Mwalimu Saa Mbovu kwa sababu kengele ya mwisho hakuisikia, na naona wengine mnacheka, chekeni tu, yeye mwenyewe alilipenda jina hilo.

Tarehe 30 Septemba 1989 alifunga ndoa na shemeji yangu Vénérande wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, wakajaliwa watoto wawili, Arcade aliyezaliwa 1990 na Rosine aliyezaliwa Novemba 1992, miezi miwili baada ya baba yake kuondoka kwenda Uholanzi kwa masomo ya juu, na huko mama mwenye nyumba aliyempangisha alimfumia sweta la bluu bila kuombwa, ndilo lile mlilomwona nalo hapa Magamba hata jua likiwaka.

Wengi mmeuliza alisomea nini, nami nitasema kama alivyonieleza mimi niliyeishia darasa la saba. Alichunguza protini moja ya wadudu wa malale, ile inayowasaidia kupata nguvu kutoka kwenye sukari ya damu yetu, na kumbe ndilo swali lake lile lile la mwaka 1973. Protini hiyo ni kama uzi wenye vipande mia mbili na hamsini, na mwanzoni aliviita mabaki, kwa sababu ndivyo vinavyoitwa kwa lugha yao, mpaka mama alipoanza kumwuliza kwa huruma kama Wazungu walikuwa wakimlisha makombo, basi akaacha neno hilo, akanunua shanga sokoni, akatunga mia mbili na hamsini, akaukunja uzi mzima ndani ya ngumi yake na kutuonyesha jinsi shanga ya kumi, ambayo iko huku mwanzo, inavyokwenda kugusana na ya mia mbili na thelathini kule mwisho. Alisema uzi ukinyooka haufanyi kazi yoyote, nguvu yake iko katika mkunjo, na mkunjo unashikwa na hao wa mbali waliokutana, kwa hiyo mtu akiwajua wanaogusana atajua mahali dawa inapoweza kuingia.

Alirudi Desemba 1996 akiwa amebakiza sura moja ya kitabu chake cha utafiti, akaendelea kufundisha, lakini Julai 1997 ikaja barua ya mwalimu wake wa Uholanzi kwamba programu ya kompyuta iliyohesabu wanaogusana imeonekana na kasoro, wasahihishaji wanataka orodha ihakikiwe upya, na mwisho ni tarehe 31 Machi 1998. Kompyuta hatukuwa nayo, na wakati huo huo moyo wake ulikuwa umeanza kushindwa, miguu inavimba, akilala chali anakosa pumzi, hivyo alilala ameketi, kama ule ni usingizi.

Ndipo alipotuita mezani sisi wawili, mimi na jirani yetu mama Minza, yaani Nyanzala, ambaye familia yake ilifika hapa na ng'ombe kutoka Shinyanga mwaka 1991. Kila shanga ilikuwa na namba tatu kwenye karatasi, zinazoonyesha mahali ilipo ndani ya mkunjo, unachukua shanga mbili, unatoa namba kwa namba, tofauti moja ikizidi nane unaruka, isipozidi unazidisha kila tofauti kwa yenyewe, unajumlisha, na jumla ikiwa chini ya sitini na nne, hao wanagusana, waandike. Ni hesabu za darasa la saba, ila zilikuwa zaidi ya elfu thelathini, nami nilizifanya mwanangu akinyonya, Nyanzala akimpokea nikichoka, na kaka akitupitia nyuma kama msimamizi wa mtihani, anaketi, anasimama, anafungua dirisha, anauliza tumefika ngapi.

Alituambia wale wanaofuatana kwenye uzi tusiwaandike, lakini mwezi Novemba aliposoma daftari safi aliwakuta wote, wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, hadi mwisho, akatuuliza, "Nyie wanawake, nani kawaalika hawa?", na Nyanzala akamjibu bila aibu, "Mtani, orodha gani hiyo inayomruka jirani wa mlango kwa mlango? Kwetu ukimruka huyo, siku ya msiba unachimba peke yako." Kaka alicheka mpaka tukamshika mgongo, akasema hao wanagusana kwa sababu wamefungwa uzi mmoja, hawana hiari, yeye anawatafuta waliotoka mbali, halafu akatuamuru tuwakate wote, na tulinakili daftari upya kwa siku nne, Nyanzala akinung'unika kila mstari.

Kazi iliisha tarehe 28 Desemba, na tarehe 2 Januari mwaka huu kifurushi kikaingia posta kwa rejesta, lakini mvua hizi mnazijua, reli ikakatika, na mpaka leo hatujui kifurushi kiko Tabora, kiko njiani au kimelowa, na kaka kila asubuhi alimtuma mtu stesheni kuuliza. Hilo ndilo lililomkosesha raha kuliko moyo. Alilazwa hospitali ya wilaya tarehe 19 Januari, na siku ya Jumatano tarehe 11 Februari 1998, saa kumi na moja alfajiri, alimwuliza mkewe kama treni imefika, Vénérande akamwambia bado, naye akafariki akiwa ameketi.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wote, hasa yule muuguzi aliyeleta mto wa nyumbani kwake ili kaka apate kuegemea, na ambaye amekataa kurudishiwa, tunawashukuru walimu wenzake waliogawana vipindi vyake tangu Oktoba bila kumwambia mkuu wa shule, na mzee Celestin, aliyempeleka baba kwa baiskeli, na juzi amekuja na baiskeli ile ile kutoka Inyonga. Tunamshukuru mwalimu wake wa Uholanzi, ambaye hajui bado. Tunamshukuru Nyanzala, ambaye kaka alipolazwa aliketi nami tukaandika nakala ya pili, na tunamshukuru Jean-Marie, kaka yake Vénérande, ambaye afisa wa makazi amempa kibali cha siku kumi cha kutoka Katumba, na atapanda lori la mahindi Jumatatu kwenda Sumbawanga, kisha Mbeya, akaiweke nakala hiyo posta kwa mkono wake.

Na majirani wa Magamba, mliochimba tangu alfajiri kwenye maji, mliopika, mliotuachia vyumba vyenu, kaka alinifundisha kuwakata wa mlango kwa mlango, nami nilimtii kwenye daftari, lakini kwenye karatasi hii nimewaandika wote, kwa sababu nimeona jana mkishika jeneza pamoja na hawa waliotoka mbali, na sikuweza kutofautisha mkono wa nani ni wa nani.

Kaka Melkiadi, treni bado, lakini lori lipo. Usiuogope tena usingizi, jinyooshe, ulale kwa amani.