Jina Lililoishia Ukurasa wa Ishirini na Saba

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Josephine Yoramu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kijiji cha Farkwa, wilayani Kondoa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Yoramu na Mama Paskalia, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1974 hadi 1980, kisha sekondari mjini Dodoma hadi 1984, na tangu utotoni alikuwa akinyamaza katikati ya kazi, mwiko mkononi, akili imekwenda matembezi, mpaka mama yake akadhani mtoto hasikii vizuri.

Mwaka 1986 aliajiriwa kuwa karani mpiga chapa katika shirika moja la umma, akafunga ndoa na Bwana Elieza Ignas tarehe 12 Septemba 1992, wakajaliwa watoto wawili, Noeli na Loisi, na shirika lilipobinafsishwa mwaka 1996 akapunguzwa kazini, akaondoka na kompyuta kuukuu iliyokuwa ikitupwa, akafungua chumba cha mafunzo pale Majengo, akajifunza kutunga programu.

Mwaka 2000 alijiunga na kikundi cha watu walioandikiana barua pepe, wakijitolea kukagua maktaba za programu huria, yaani vipande vilivyotungwa na wengine, ambavyo programu huviazima na kuvitegemea, ili mwizi asipate upenyo, naye alizichapa kwenye karatasi, akazisoma kwa penseli, na usingizini akawa anaota anapita Farkwa nyumba kwa nyumba, milango yote wazi, akiuliza ni nani aliyemkaribisha mgeni aliyelala ndani.

Agosti 2002 kikundi kilipitisha maktaba ya kutunzia kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati kadhaa, Mzee Anyitike, mkubwa wa kikundi, akaandika kwanza kwamba ameikagua, na wengine wote, Josephine akiwemo, wakafuata mkumbo, wakatia majina kuthibitisha kwamba wameikagua, bila kuisoma, kwa kumheshimu tu. Asubuhi moja aliamka kutoka kwenye ndoto ile, akaisoma, akaona kipande kimoja kinaacha siri za wagonjwa wazi kwa yeyote, akalia kwa aibu, kisha akamwandikia mzee, akianza na shikamoo, kwamba wote wamedanganya, na yeye mwenyewe pia. Mzee alijibu marahaba mwanangu, anza kwa kufuta jina langu, na tangu siku hiyo husoma kwanza mdogo, mkubwa anamalizia.

Alianza kuugua figo Novemba 2003, akafariki dunia tarehe 9 Juni 2004, saa tatu asubuhi, hospitalini hapa Dodoma, kando ya kitanda kukiwa na kurasa arobaini za maktaba nyingine, alama za penseli yake zikiishia ukurasa wa ishirini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Majengo waliotuchotea maji na kutupikia, na wanakikundi waliosafiri kutoka mbali, ambao jana mchana walikaa hapa msibani wakazisoma kurasa kumi na tatu zilizobaki. Tuliomba jina la marehemu liwekwe kwenye ukurasa wa mwisho, kana kwamba alizisoma zote, kwa heshima yake, Mzee Anyitike akakataa huku machozi yakimtoka, akisema heshima ya namna hiyo ndiyo ugonjwa aliowaponya. Basi, Josephine, jina lako tumeliacha ukurasa wa ishirini na saba, pale ulipofika kweli. Zilizobaki zimeshasomwa, pumzika kwa amani.