Mfiwa Hachimbi: Kumbukumbu ya Serafina Mageni wa Nyalambo

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, dukani, jikoni, au njiani kuelekea machimboni, vuteni kiti. Leo tunamkumbuka mama mmoja. Jina lake Serafina Mageni. Ni wa Nyalambo, mtaa ulio pembezoni mwa mji wa Kahama, ukishapita Nyasubi. Hakuwa diwani. Hakuwa na duka wala gari. Alikuwa mama wa maji na kuni misibani, basi. Na wiki iliyopita, alipofariki yeye mwenyewe, nusura akose mtu wa kumchimbia kaburi. Ndiyo habari yetu ya leo. Ni habari yenye uchovu ndani yake, nawaambia mapema.

Aliyetusimulia ni Agatha Jilala. Pale mtaani hakuna anayemwita Agatha. Anaitwa Mama Salome, na ukimwita vinginevyo hageuki. Yeye na marehemu walitoka upande wa Ushirombo, wakaolewa Nyalambo mwaka mmoja. Wakalima pamoja, wakajifungua pamoja, wakafiwa na waume zao wakiwa wangali na nguvu. Marehemu aliitwa Mama Benja, kwa jina la mwanawe wa pekee, Benjamini.

Enzi hizo Nyalambo kilikuwa kijiji. Kaya zilizungukwa na ua wa minyaa. Katikati palikuwa na lambo, ng'ombe wakinywa upande huu na watu wakichota upande ule. Mtu akifariki, mmoja wa wafiwa alisimama uani akapiga mwano. Mwano ni lile yowe refu ambalo kila Msukuma analijua tangu tumboni. Ukilisikia, unaacha jembe shambani, unaacha chungu jikoni. Wanaume wanashika sururu, wanawake wanajitwisha maji, unga na kuni. Hakuna anayeuliza amekufa nani. Utamjua ukifika.

Na kulikuwa na sheria. Kila kijiji cha kufa na kuzikana kina sheria, lakini ya Nyalambo ilikuwa na meno. Asiyekwenda kuzika wenzake, siku yake watu watakuja, watakaa, watakunja mikono. Hakuna atakayegusa jembe mpaka familia itoe mbuzi na kuomba radhi mbele ya wote. Na atakayewasaidia kabla ya hapo, naye anatengwa. Hapewi moto, hapewi chumvi, hasalimiwi.

Mnajua nani alikuwa mkali wa sheria hiyo kuliko wote? Marehemu. Ndiyo, Serafina huyuhuyu. Mama Salome anasema, huku akitabasamu kwa tabu, "Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Anakuuliza, jana kwenye msiba hukuonekana, uliumwa? Ukisema hapana, anakuangalia mpaka unajisikia kuumwa kweli."

Basi, mji ukaja. Haukupiga hodi. Migodi ilileta watu, watu wakaleta lami, lami ikaleta wapimaji na vigingi vyao vya zege. Mashamba yakawa viwanja. Kijiji kikawa mtaa. Minyaa ikang'olewa, zikapanda kuta za matofali zenye vipande vya chupa juu, na mageti ya chuma yaliyopakwa rangi. Pale palipokuwa na lambo leo wanaosha bodaboda. Sisemi maendeleo ni mabaya, wasikilizaji wapendwa. Umeme upo, zahanati ipo, na Mama Salome mwenyewe ameuza kipande cha shamba na kuezeka bati jipya. Lakini wageni walipoingia ndani ya kuta zao, hawakutoka. Wanaondoka alfajiri, wanarudi giza limeingia. Wakifiwa, wengi husafirisha mwili kwenda kwao. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Wenyeji wa Nyalambo wanangoja kupona mpaka leo.

Hata hivyo Mama Benja hakuacha. Misiba ikawa mingi, magoti yakaanza kuuma, bado alikwenda na ndoo yake. Kwa wageni aligonga geti na kuwaambia kuna msiba. Wengine walimfungulia dirisha dogo la geti, wakampa pole na kufunga. Jioni alirudi akalalamika kwa shoga yake. "Mama Salome, nimechoka. Nagonga chuma siku nzima." Kesho yake aligonga tena.

Miongoni mwa wageni hao ni Festo Magesa. Mtu wa Mara, anauza vipuri vya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Siku nyingi yuko Rwamgasa kwa wateja wake. Kiwanja chake kinapakana na cha Mama Benja. Tangu ajenge, Festo hakuwahi kuonekana kwenye msiba hata mmoja. Si kwa dharau. Hakuwa na habari kwamba yupo mahali wanapohesabu nani kaja msibani.

Miaka miwili iliyopita, mtoto wa Festo alifariki. Mtoto mchanga, hajaanza hata kukaa. Wazee wa kwao Mara wakasema, mzikeni hukohuko. Festo akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaonyeshwa makaburi. Watu wa Nyalambo wakaja. Wakakaa. Wakakunja mikono. Festo alisubiri, akafikiri labda ndio utaratibu. Saa zikapita. Hakuna aliyemweleza kitu. Mwishowe akavua koti, akachukua jembe, akaanza kumchimbia mwanawe kaburi mwenyewe.

Wasikilizaji wapendwa, kwa watu wa huku hilo halifanyiki. Mfiwa hachimbi. Hata awe na nguvu kiasi gani, hata kazi yake iwe kuchimba, mfiwa hashiki jembe. Anakaa, analia, wenzake wanachimba. Sasa hapo zilikutana sheria mbili. Moja inasema msimsaidie. Nyingine inasema mfiwa hachimbi. Mama Salome alikuwa amekaa bega kwa bega na rafiki yake, na anakumbuka alivyomsikia akihema.

"Mama Salome, unaona anachofanya yule?"

"Naona."

"Baba anamchimbia mtoto."

"Sheria uliipigania wewe, Mama Benja. Kaa chini."

Hakukaa. Alimwita mwanawe. Benjamini ni mchimbaji mdogo upande wa Bugarama, anashuka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu yenye kina kuliko urefu wa mnazi, na siku hiyo alikuwa amerudi nyumbani kwa mama. Mama yake akamwambia maneno machache tu. "Mpokee jembe huyo baba." Kisha akaenda kuchota maji, akamletea mke wa Festo anawe uso. Mama na mwana, wawili tu, wakamzika mtoto wa jirani huku mtaa mzima ukitazama.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Jioni ile chama cha kuzikana kilikaa. Ikasemwa kwamba Serafina Mageni ametengwa mpaka alete mbuzi na kuomba radhi. Na aliyetamka hukumu ile, kwa kuwa ndiye kiongozi wa akina mama, ni Mama Salome. "Niliitamka kwa mdomo huu," anatuambia, na anaushika mdomo wake. "Nilidhani ataleta mbuzi kesho yake, yaishe, tucheke."

Mbuzi hakuja. Benjamini alitaka kumtoa, na mbuzi alikuwepo zizini. Mama akamkatalia. "Ukimtoa utakuwa umesema nilikosea. Sikukosea, mwanangu. Nimechoka tu."

Miaka miwili, wasikilizaji wapendwa. Miaka miwili hakuna aliyemsalimia kwa mwangaluka ya asubuhi wala mwadila ya mchana. Kwenye sala za jumuiya akiingia watu wananyamaza, akaacha kwenda. Sehemu moja tu sheria haikufika, nayo ni misa ya Jumapili. Padri anaposema tutakiane amani, mtu hawezi kuuficha mkono wake mbele ya altare. Kila Jumapili Mama Salome alikaa benchi la nyuma ya rafiki yake kwa makusudi. Wakifika pale, mmoja anageuka. "Amani ya Kristo, Mama Benja." "Amani ya Kristo, Mama Salome." Mkono kwa mkono, basi, mpaka Jumapili nyingine. Kwa miaka miwili hayo ndiyo maongezi yao yote.

Na Festo je? Festo hakujua. Hakuna aliyemwambia kwamba jirani yake ametengwa kwa ajili yake. Aliona tu mama anapita peke yake na ndoo, akadhani ndivyo alivyo.

Wiki iliyopita, asubuhi, presha ilimwangusha Mama Benja mlangoni kwake. Benjamini alikuwa nyumbani. Alipoona mama haamki, alifanya kile alichofundishwa na mama huyohuyo. Alisimama uani, akapiga mwano.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Wenyeji wa Nyalambo waliusikia, wakaujua, na hawakuinuka, kwa sababu ya sheria. Kila mmoja alimngoja mwenzake avunje kwanza. Na wageni nao waliusikia. Lakini kwa mtu wa mjini yowe ni wezi. Kwenye kundi lao la WhatsApp ukaingia ujumbe: wezi wameingia upande wa lambo, fungeni mageti. Wakafunga. Nyalambo nzima yakasikika makomeo ya chuma, geti baada ya geti.

Mama Salome alikuwa uani anapepeta choroko. Aliitambua sauti ya Benjamini. Na katika nyumba ile wanaishi wawili tu, kwa hiyo alijua amekufa nani. Anatuambia kwamba aliendelea kupepeta. "Nilipepeta choroko zilizokwisha kuwa safi. Nasikiliza nani anakwenda. Nasikia makomeo tu." Mwano ukarudiwa. Safari hii sauti ilikuwa imekauka. Mama Salome akauweka ungo chini, akajaza ndoo, akajitwisha.

Njiani alikutana na katibu wa chama, mzee Maganga, amesimama nje ya nyumba yake hajui aende au akae. Akamuuliza, "Mama Salome, na sheria?"

"Hukumu niliitamka mimi. Sasa naiondoa mimi. Chukua sururu."

"Lazima tukae kikao kwanza."

"Kaa wewe. Mwenzangu kalala chini."

Mzee Maganga alichukua sururu. Wengine waliokuwa wakichungulia nao wakatoka, mmoja mmoja, bila kuangaliana. Walikuwa wachache na wamezeeka. Ardhi ya makaburini ni ngumu. Walichimba kidogo wakakaa kutweta, wakachimba tena. Na pembeni alikaa Benjamini, kijana ambaye kuchimba ndiyo kazi yake. Angelimaliza kaburi lile kabla jua halijasimama kichwani. Lakini yeye ndiye mfiwa. Mikono aliiweka mapajani, akiiangalia.

Mama Salome akaona kazi haitaisha. Akaokota jiwe, akarudi mtaani, akaanza kugonga mageti. Alianza na la Festo. Bahati nzuri siku hiyo Festo hakusafiri.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Msiba!"

"Wametuambia ni wezi, mama."

"Hakuna mwizi. Msiba."

"Wa nani?"

"Wa aliyekuzikia mtoto."

Festo alitoka na kandambili, simu mkononi. Alipoelezwa yote hapo getini, tangu mbuzi mpaka miaka miwili ya kimya, alikaa chini barabarani akakishika kichwa. Mama Salome hakumbembeleza. Alimwambia atalia akishachimba. Ndipo Festo akaandika kwenye lile kundi: si wezi, ni jirani yetu, njooni na majembe. Wengine hawakuwa na jembe. Walikuja na koleo za kuchanganyia zege. Wengine hawakuja kabisa. Waliokuja walitosha, na Serafina Mageni akazikwa jioni, katekista akisoma sala, viganja vya wageni vikiwa vimetoka malengelenge.

Baada ya maziko watu walikaa matangani, wenyeji na wageni. Mmoja wa wageni akasema kwa furaha kwamba mama huyu ametuunganisha, kuanzia leo Nyalambo ni familia moja. Watu wakaitikia, ndiyo, kweli kabisa. Mama Salome alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Akaomba naye aseme.

"Mnasema vizuri, wanangu. Leo nimewagongea mageti yote, mkono hauinuki. Sasa kwa umri, anayefuata ni mimi. Na siku hiyo sitakuwepo kuwagongea."

Tunaambiwa kwamba chai ilipoa vikombeni.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki natoa pole kwa Benjamini, kwa ndugu wote wa marehemu wa Nyalambo na wa Ushirombo, kwa Festo Magesa na mkewe, na kwa Mama Salome, ambaye Jumapili hii atakaa kwenye benchi lilelile. Raha ya milele umpe, ee Bwana. Apumzike kwa amani Serafina Mageni, mama wa maji na kuni.

Nasi tuliobaki tujiulize. Huyo unayepakana naye ukuta kwa ukuta, anaitwa nani? Usicheke. Baada ya kusikia habari hii, jana jioni nami nilitoka nikaenda kugonga kwa jirani yangu, tumeishi pamoja mwaka wa sita huu. Alifungua geti nusu, akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza nauza nini.