Nyundo Haifiki Mgongoni

Shikamooni wazee wangu. Nanyi vijana, marahaba, hata kama hamjanisalimia. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na mimi darasa la jioni nimehitimu wa kwanza kati ya watu elfu moja, kwa hiyo saa naijua kusoma. Haya, tulikuwa kumi na wanne. Lakini wa kwanza ni wa kwanza. Mkitaka kucheka chekeni sasa, maana huko mbele sina la kuwachekesha.

Dhahabu ilipotoka, sisi wanawake tulikimbilia machimboni kugonga mawe. Unakaa chini, jiwe katikati ya miguu, nyundo mkononi, unalivunja mpaka liwe kokoto la kupeleka karasha, ile mashine ya kusaga. Mimi nimegonga mawe ya kutosha kujenga Tanzania nyingine na chenji ikabaki. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi kwa kujigonga. Asiye na jeraha tulimwita mgeni.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa, naye aligonga pembeni yangu. Baba yake alishafariki, nami nikaolewa na mwanaume aliyeendesha karasha pale pale. Mcheshi huyo! Mbele za watu alimwamkia mtoto, "Shikamoo mama mkwe," kila mtu anashika mbavu. Jioni mimi nilikwenda darasani kujifunza kusoma, mtoto akabaki naye.

Ndugu zangu, nawaambia, dalili zilikuwepo zote. Mimi ndiye niliyezitafutia majina mengine. Alama nyeusi mkononi, nikasema nyundo. Shavu limevimba, kipande cha jiwe kimeruka. Akaanza kuvaa sweta jua la saa saba, lile la kukausha hata mate mdomoni; nikasema ana malaria. Akaanza kukojoa kitandani, mtoto aliyeacha tangu akiwa wa miaka mitatu. Nikamnunulia dawa ya minyoo. Sikio lilipovimba nilimuuliza, akasema ameanguka. Kesho yake jirani akamuuliza, akasema ng'ombe amempiga pembe. Nilisikia majibu yote mawili, nikaendelea kusonga ugali.

Na hakuwa analia. Hapo ndipo nilipopotelea kabisa. Kwetu mnajua wenyewe, kijana anayepita kisu cha tohara bila kutikisa kope ndiye anayeimbiwa. Mwanangu akiguswa bega alikunja uso tu, kimya. Wanawake wenzangu wakasema huyu binti ni mura, kijana hasa, amewapita vijana wa kiume kwa ushupavu. Nikajivuna. Nikamwambia mbele yao, "Hivyo hivyo mwanangu, usilie."

Shule zilipokaribia kufunguliwa nikampeleka Tarime mjini kwa fundi cherehani, apimwe sare. Fundi ni mama wa Kiislamu, watu wake walitokea pwani, ana Kiswahili cha kunyooka mpaka changu kikaona aibu kutoka mdomoni. Akamwambia mtoto ainue mikono apitishe tepu. Mkono wa kushoto ukagoma kupita bega. Fundi akainua wa kwake ili amwonyeshe, na mtoto akaporomoka chini ya meza ya cherehani, amefunika kichwa kwa mikono.

Fundi akashusha pazia la mlango, akapiga magoti, akaongea naye taratibu mpaka akatoka, kisha akamvua sweta. Akaniuliza alama hizi ni nini. Nikamwambia sisi tunagonga mawe, dada yangu, hizo ni nyundo.

"Mama," akasema, "nyundo haifiki mgongoni mwa anayeishika."

Nikatazama. Nyingine zimeshakuwa makovu, nyingine za manjano, nyingine mbichi kabisa. Si za siku moja. Na zote zilikuwa na meno, mstari na nafasi, mstari na nafasi. Meno hayo niliyaona kila siku: mkanda wa karasha uliokatika, uliokuwa umetundikwa ukutani kwetu.

Nikamuuliza mwanangu mbona hukuniambia.

"Ulisema nisilie."

Fundi alifunga duka, akatupeleka polisi, dawati la jinsia na watoto, kisha hospitali. Daktari akasema mkono ulivunjika zamani ukajiunga vibaya, na sikio moja halisikii wala halitasikia tena. Yule mwanaume habari zilimfikia kabla ya askari, akavuka mpaka pale Sirari, na kesi imelala mpaka leo. Wapo wanaoniambia nilifukuza mume kwa sababu ya viboko vya malezi. Afisa wa ustawi wa jamii alimuuliza mtoto anataka kukaa na nani. Akamtaja mama yake mdogo. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, magoti yanagusana.

Mmeniita hapa kama mtu aliyeinuka. Nimeinuka kiasi cha kusimama mbele yenu, basi.

Namshukuru fundi yule, aliyetazama pale mimi nilipokuwa nimezoea. Namshukuru mdogo wangu wa Mbalibali anayemlea. Nawashukuru ninyi wa kikundi hiki, mlionipa kiti nilipokuwa siwezi kutazamana na mtu. Ninachowaombeni ni kimoja: mtoto akiwa na alama, usimtangulizie jibu. Tazama ziko wapi, ni za lini, muulize alikuwa na nani. Akikupa hadithi mbili, acha ugali uungue. Akiwa wa jirani, usingoje uhakika, kapeleke habari. Na mtoto asiyelia, jamani, msimpigie makofi.

Sasa ana miaka kumi na minne. Kila mwezi nakwenda Mbalibali. Ananiamkia vizuri, ananipokea mzigo, halafu anauliza, "Umekuja na nani?" Nasema peke yangu. Miaka mitano nasema peke yangu. Naye hunipita pale uani, anakwenda mpaka barabarani kuhakikisha.