Dakika Kumi Kwapani: Bi. Wambura Njura Anapoiaga Karakana

Bi. Wambura Njura, fundi mkuu wa vifaa tiba wa hospitali yetu, anastaafu Jumatatu tarehe 30 Juni 2025. Aliripoti kazini Jumatatu tarehe 2 Septemba 1991. Ukihesabu siku ya kwanza na ya mwisho, zimetimia siku 12,356. Nimezihesabu mara mbili, kwa sababu barua ya ofisi ilisema miaka thelathini na miwili, na sioni ni kwa nini mtu anyang'anywe miezi ishirini na miwili ya jasho lake akiwa mlangoni anatoka.

Daktari akistaafu hapa hutengewa ukumbi na kwaya. Fundi ametengewa ukurasa wa sita wa jarida hili, chini ya ratiba ya usafi. Haidhuru. Tutautumia wote.

Bi. Wambura alizaliwa Ishiara, kule Mbeere kwenye joto, akapanda Meru na cheti chake na gunia dogo la ndengu. Karakana aliyoikuta ilikuwa na meza moja, bisibisi mbili na mashine kumi na moja mbovu. Kufikia Krismasi ya mwaka uliofuata, tisa kati ya hizo zilikuwa zinafanya kazi. Leo mashine zilizo chini ya mkono wake ni 214, hapa na katika zahanati zetu sita, kuanzia Embu hadi Timau.

Wengi wetu hupita kando ya mashine hizo kila siku bila kujiuliza zinajuaje zinachokijua. Mimi nilifika hapa kutoka kibanda cha kutengeneza redio katika soko la Gakoromone, bila cheti chochote, nikidhani umeme hauna siri tena kwangu. Wiki ya kwanza Bi. Wambura alinibandika vibandiko vitatu kifuani na kunionyesha moyo wangu ukichora mistari kwenye kioo. Akanieleza kwamba umeme wa moyo, ukifika kwenye ngozi, ni kama sehemu moja ya elfu ya volti. Betri ya tochi ina volti moja na nusu. Nikagawanya kichwani: betri ile ndogo inaushinda moyo wangu mara elfu moja na mia tano, na bado vibandiko vile viliusikia. Sikuvibandua mpaka saa ya chai.

Kila mashine ina kihisi, yaani kile kipande kidogo kinachougusa mwili na kugeuza kinachokipata kuwa umeme. Kile cha kidoleni hupitisha mwanga mwekundu na mwingine usioonekana, kisha hupima ni kiasi gani cha kila mmoja kimetokea upande wa pili, kila damu inapodunda. Damu iliyobeba oksijeni na isiyobeba haziuzuii mwanga kwa namna moja. Siku moja mfanyakazi wa shamba la maua Timau alikuja zahanati moja kwa moja kutoka chumba cha baridi. Mashine ikasoma oksijeni asilimia 78. Sista Kanana, muuguzi wa zahanati hiyo, alikuwa tayari anaburuta mtungi wa oksijeni, na mama yule anauliza mbio zote hizi ni za nini, yeye amekuja kwa sababu ya jino. Bi. Wambura alimpa kikombe cha uji akishike kwa mikono miwili. Baada ya dakika tano, 94. Mashine haikudanganya. Ilikosa damu ya kutosha ya kutazama katika kidole kilichoganda.

Kihisi cha joto ndicho kidogo kuliko vyote, punje tu, chini ya punje ya mtama. Kikipata joto, umeme hupita ndani yake kwa urahisi zaidi. Basi. Hakijui nyuzi wala mtoto. Namba unayoiona kwenye kioo inatoka kwenye jedwali, na jedwali limeandikwa na mtu.

Kwa ajili ya huyo mtu, Bi. Wambura alikuwa na sheria moja. Hakuna kihisi cha joto kinachomgusa mtoto kabla ya kukaa dakika kumi kwapani mwake yeye mwenyewe, sambamba na kipimajoto cha kioo cha maabara, kirefu kama penseli mbili. Wabeba machela walimwita Dakika Kumi. Aliitika.

Sasa nieleze la Timau, Agosti 2016, maana bila hilo ukurasa huu hauna kazi.

Kihisi cha inkubeta pekee ya zahanati yetu ya Timau kilikuwa kimekufa, na kipya kingechukua wiki sita. Nilitafuta punje inayofanana nacho, nikaitumbukiza kwenye barafu nikaandika sifuri, nikaitumbukiza kwenye maji yanayochemka nikaandika mia, nikapiga hesabu za katikati na kuliingiza jedwali langu kwenye mashine. Siku mbili za kazi, peke yangu. Bi. Wambura alipofika asubuhi ya tatu, kulikuwa na mtoto wa saa nne, gramu 1,380. Mama yake, Karimi, alikuwa amepoteza damu na anatetemeka mwenyewe. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshuka Meru na mgonjwa mwingine. Nyanya alikuwa amemweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya blanketi tatu, na anachoka.

"Mama, mtoto anapoa," nilimwambia Bi. Wambura. "Mashine iko tayari."

"Tayari kwa nani?" akauliza, akafungua kifungo cha koti na kukiingiza kihisi changu kwapani pamoja na kile kipimajoto cha kioo.

Nilinuna. Mbele ya wauguzi wote, kazi yangu kwapani kama kitu kilichookotwa. Dakika kumi zikaisha. Kipimajoto kilisoma 36.6. Mashine ilisoma 39.4.

"Labda una homa, Mama."

"Homa ya nusu kwapa?" Sista Kanana akadakia, na hata nyanya akacheka.

Niliweka hesabu zangu mezani. Bi. Wambura alizisoma mstari kwa mstari, bila haraka, na mtoto yuko pale. "Hesabu ni safi," akasema. "Maji yako ndiyo sijayaona."

Tukabandika sufuria. Maji yakachemka, kipimajoto kikapanda, kikasimama karibu na 92. Akaniambia niongeze moto. Nikaongeza. Maji yakaruka mpaka nje ya sufuria, 92.

"Wewe mtu wa Meru, hujawahi kusikia maharagwe ya Timau?" akauliza.

"Ukibandika leo, unakula kesho," Sista Kanana akasema.

Hapo ndipo alipotueleza kuhusu ndengu. Kwao Ishiara ziliiva kwa saa moja. Alipopanda huku mlimani mwaka wa 1991 zikamshinda, akalilaumu jiko, kisha akalipeleka swali hilo kwa kipimajoto. Huku juu hewa inakandamiza maji kidogo tu, kwa hiyo yanachemka mapema kabla ya kufika mia. Jedwali langu lote lilikuwa limesimama juu ya mia ambayo Timau haina.

Nikapiga hesabu ambayo sikutaka kuipiga. Mashine ingeonyesha 36.5, taa ya kijani, kila mtu ametulia, na mtoto yuko kwenye nyuzi 34, anaendelea kupoa. King'ora kisingelia. Kingelia kwa lipi?

Bi. Wambura alinipa kalamu. Nikafuta mia, nikaandika 91.7, nikarudia jedwali zima. Kwapani tena, dakika kumi: kipimajoto 36.6, mashine 36.6. Saa tano na dakika kumi nyanya alimtoa mtoto kifuani na kumlaza ndani. Aliondoka zahanati siku ya ishirini na tisa akiwa na gramu 2,050.

Nilingoja kusoma atakachoniandikia kwenye ripoti. Aliandika: "Timau, maji 91.7." Basi. Na kwenye kadi ya mashine, mahali pa jina lake, alinisogezea nitie langu. Ilikuwa karatasi ya kwanza yenye jina langu katika hospitali hii baada ya miaka sita. Ingali inaning'inia.

Mpaka naandika haya, nafasi ya Bi. Wambura haijatangazwa. Wakubwa wanajua wanachongoja, vihisi havingoji. Ijumaa iliyopita alinikabidhi kile kipimajoto kirefu, kimefungwa kwenye kitambaa. Kwapa nitatoa mimi.

Asante, Mama, kwa siku zote 12,356. Unarudi Ishiara, ambako maji huchemka kwenye 97. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na ndengu zinazoiva kwa saa moja.

Gikunda Mutwiri
Karakana ya Vifaa Tiba