Mtu wa Pili kwenye Breki

Habari hii nilisimuliwa kwanza na Shakiru, muuza kahawa wa Majengo, Moshi, mwaka 2021, msimu wa masika, mwaka uleule aliokufa baba yangu mdogo Efraimu. Baadaye niliwauliza na wengine, na maneno yao hayakutofautiana na yake ila mahali pamoja, ambapo nitapataja. Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa duka lililofungwa, kando ya barabara ipandayo Uru. Shakiru ana birika moja na vikombe vitatu, basi. Kwa hiyo pale kuna desturi: kikombe kikikufikia, unaacha unachofanya na kunywa papo hapo, maana kuna mwenzako anakingoja. Mara ya mwisho baba mdogo alitengenezea pikapu yake ya ndizi hapo mbele ya benchi. Breki zilimkatalia kwenye mteremko wa Uru, asubuhi ya pili baada ya kuzitengeneza. Alikufa yeye na Dominika, binti wa jirani, aliyekuwa amempa lifti kwenda sokoni na maziwa. Jioni ninayoisimulia, mjane wake, mama mdogo Ruth, alikuwa ameshika tawi la isale, ambalo kwetu Wachagga hupelekwa kwa uliyemkosea ili kuomba msamaha. Alitaka kulipeleka kwa mama wa Dominika. Lakini anayepeleka isale hulitaja kosa lote, hafichi sehemu, na Ruth hakuwa na hakika kwamba analijua lote. Ndiyo maana aliteremka kwanza mjini.

Kabla hajafika, walikuwepo watatu benchini. Mathew, dereva mstaafu wa malori, aliitwa Springi. Fahad, fundi redio, aliitwa Waya. Godbless, mpagazi wa mlimani, hajawahi kumiliki hata baiskeli, na kwa sababu hiyo walimwita Tajiri. Walikuwa wanabishania kazi ipi ya gari ni ngumu kuliko zote kwa mtu anayejitengenezea mwenyewe.

Waya alishikilia kwamba ni umeme. Alimtaja shemeji yake aliyegusa waya wa honi, na tangu siku hiyo akipiga honi wipa zinafuta kioo, akiwasha wipa taa zinazimika, ikabidi usiku wa mvua amwombe abiria atoe kichwa dirishani na kupiga mluzi. Springi alisema huo ni mchezo wa watoto; kazi ni giaboksi. Kulikuwa na mtu wa kule Mkuu aliyeifungua yake juu ya shuka, akaifunga, vyuma vikabaki sufuria nzima. Gari likatembea, ila kinyumenyume tu, akawa anakwenda nalo sokoni hivyohivyo.

— Mpaka lini? Tajiri aliuliza.

— Mpaka shingo yake ikazoea kutazama nyuma. Hata kanisani alikuwa anakaa ameipa madhabahu kisogo.

— Acha utani, mbe.

— Kamuulize mchungaji wake.

Tajiri hakukubali kushindwa. Magari ya sasa, alisema, yana kompyuta inayomjua fundi kwa harufu. Mwenye gari akishika spana mwenyewe, linanuna. Jirani yao mmoja wa Masama alifungua boneti akafunga, basi gari likakataa kuwaka mpaka familia nzima ilipolisukuma hadi gereji na kuliomba radhi mbele ya fundi. Waya alicheka mpaka kahawa ikamwagika, akaambiwa arudishe kikombe kama hakitaki.

Springi ndiye aliyeubadilisha mjadala.

— Hayo yote ni kuchelewa safari tu. Injini ikigoma unashuka, unatembea. Breki ndiyo kazi ambayo ukiikosea hujui, mpaka dakika unapoihitaji.

— Kama Efraimu, Waya alisema.

— Efraimu alikuwa mbishi. Kazi ya fundi akaifanya peke yake.

— Peke yake kabisa, alisema Tajiri. Mimi nilimwambia aache.

— Hata mimi nilimwambia, Waya alisema.

Shakiru alinieleza kwamba neno hilo, "peke yake", walikuwa wanalirudia tangu siku ya mazishi. Kila mpita njia aliyeuliza habari za ajali alijibiwa hivyo, na kadiri walivyojibu ndivyo walivyozidi kuamini. Yeye hakuwahi kulitamka. Hakuwahi kulipinga pia.

Ruth alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, na walipomwona alikuwa ameshasikia. Tajiri aliondoka benchini kumpisha.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba.

— Karibu kahawa, Mama Elifuraha, Springi alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. Pole na majonzi.

— Sikuja kukaa, baba. Mnasema alifanya peke yake.

— Ndiyo, mama, Waya alijibu. Na tulimkataza.

Ruth aliongea polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Alisema mumewe alikuwa amebadilisha raba za breki za nyuma, na ukishazibadilisha upepo unaingia kwenye mabomba, lazima utolewe. Kazi hiyo, nyumbani, walikuwa wanaifanya wao wawili tangu walipooana. Efraimu analala chini ya gari na kufungua skrubu ya upepo, yeye Ruth anakaa kwenye usukani. Akiambiwa kanyaga, anakanyaga. Akiambiwa shikilia, anashikilia mpaka skrubu ifungwe. Pedali ikizama anasema bado. Ikiwa ngumu anasema imeshika. Aliye chini haoni pedali. Anaamini neno la aliye juu.

— Siku ile mimi nilikuwa Masama, dada yangu alijifungua, alisema. Mume wangu alikuwa chini ya gari. Kwenye pedali alikuwa nani?

Waya alitazama ndani ya kikombe chake.

— Siku ile watu walikuwa wengi hapa, mama, Springi alisema.

— Sijauliza walikuwa wangapi.

Aliliweka tawi la isale juu ya benchi, kati ya Springi na Waya. Alisema hataki kumpeleka mtu polisi, wala hataki mtu alie. Anataka tu atakaposimama mbele ya mama wa Dominika aweze kusema kosa zima. Kama lilikuwa la mumewe peke yake, atalibeba. Kama kulikuwa na mwingine, na aliinue tawi waende wote.

Jambo walilonyamazia lilikuwa hivi, kwa maneno ya Shakiru. Wote watatu walikalia kiti kile cha dereva. Efraimu aliwaomba msaada nao walikubali kwa furaha, wakitaniana kuhusu nani ana mguu mzito. Springi alianza. Kikombe kilipomfikia alishuka, Waya akapanda. Kikombe kilipomfikia Waya, akapanda Tajiri, kisha Springi tena. Waliendelea kupishana hivyo, na kila aliyepanda hakujua mwenzake aliiacha pedali ikoje. Efraimu, kutoka chini, aliuliza: "Imeshika?" Sauti ikamjibu: "Imeshika." Akafunga skrubu, akatoka, akajifuta mikono na kuwashukuru. Kupanda Uru jioni ile hakukuhitaji breki sana.

Hapa ndipo maneno yanapotofautiana. Kila mmoja wa wale watatu ameniambia, kwa wakati wake, kwamba alikuwa ameshashuka kabla ya neno hilo. Shakiru alikuwa amewapa mgongo, anapepea mkaa.

Jioni ile ya Ruth, tawi lilibaki juu ya benchi. Springi alinyoosha kikombe, Shakiru akainamisha birika, yakatoka machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha. Waya aliinuka akisema ana redio ya mtu. Tajiri akamfuata. Springi alibaki kidogo, mkono wake karibu na lile tawi, kisha akachukua fimbo yake na kusema jioni njema, mama.

Ruth aliliinua mwenyewe, akapanda nalo Uru. Mama wa Dominika alimsikiliza akiwa mlangoni hadi mwisho.

— Na wa pili? aliuliza.

— Nimemuuliza. Hakujibu.

— Basi hii ni nusu. Rudi nayo, Ruth. Siku mtakapokuja wote nitaipokea.

Ruth alilipanda lile tawi kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, karibu na kaburi la mumewe. Lilishika.

Mathew, yaani Springi, alifariki mwaka 2023, hakusema neno. Fahad yu hai, amehamia Mkuu. Godbless yu hai, bado anapanda mlima. Shakiru yu hai, na vikombe vyake bado ni vitatu. Ruth yu hai. Mama wa Dominika naye yu hai. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, na akisikia hatua langoni, kabla hajauliza ni nani, huuliza wamekuja wangapi.